Mkwaruzo wa Bunduki Mpya

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi methali hii nikiwaeleza kuwa inamhusu mvivu anayetafuta visingizio vya kutolima. Sikufikiri hata siku moja kwamba ingekuja kunihukumu mimi mwenyewe uzeeni, tena kwa sababu ya bunduki, wala si jembe.

Ninaishi Mitwero, katika pwani ya Lindi. Baada ya kustaafu ukuu wa shule nilirudi kwenye shamba la mikorosho, mihogo na mahindi. Kila anayelima upande huu wa Kusini anajua adha ya nguruwe mwitu. Kundi moja likiingia usiku mmoja tu, jasho la miezi limekwenda. Wapo wanaolinda kwa kupiga madebe na kukoka moto. Wapo wenye magobore. Marehemu baba yangu alikuwa na gobore lenye kibali. Kitako chake kilikuwa kimepasuka kikafungwa kwa waya, na mdeki wake ulikuwa umepinda kidogo. Sikumsikia hata mara moja akilalamikia sura yake. Alichouliza kila jioni ni kama baruti ilikuwa kavu.

Mimi nilikata shauri ninunue bunduki ya marisau. Safari ya kibali ni ndefu, na ni haki iwe ndefu. Maombi huanzia kwa viongozi wa mahali unapoishi, wanaojua kama wewe ni mlevi au mgomvi, kisha hupanda ngazi hadi wilayani na polisi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimchukulii mwenye silaha kama mwenye mwavuli. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki ndiyo inayoandikwa kwenye hati zako. Mtu na bunduki yake hufungwa pamoja kwa namba ile.

Basi niliipata, nikaileta nyumbani. Jioni ile niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na chuma. Nilipofika kwenye kitako, kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia. Nikafuta tena. Chini ya rangi ile ukatokea mkwaruzo wa urefu wa kidole, umeingia katika mbao. Mtu alikuwa ameupaka rangi ya viatu ili usionekane.

Ndugu msomaji, sikulala vizuri usiku ule. Mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, nguruwe watauona huo mkwaruzo?" Nilimjibu kwa ukali kwamba suala si nguruwe, suala ni haki. Lakini alipokwisha kulala nilijiuliza kama kweli suala lilikuwa haki peke yake. Nikaona kwamba nilikuwa nimekwisha kupanga moyoni nani atakuja kuitazama bunduki ile, na nani atasema Mwalimu amenunua kitu kizuri. Nilitaka kujipamba kwa chombo cha kuua. Watu wa pwani hii hatuna udhuru wa kusahau maana ya bunduki. Katika karne ya 19 bunduki na baruti zilipita Kilwa Kivinje kwenda bara, na njia zile zile zilileta pwani pembe na watumwa. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianzia katika milima ya Umatumbi, na watu wenye mikuki na magobore wakakabiliana na bunduki za mizinga za Wajerumani. Kitu chenye historia kama hiyo si pambo la sebuleni.

Hata hivyo sitaki nijihukumu kupita kiasi. Kuna kasoro za aina tatu, na ni makosa kuzichanganya. Ya kwanza ni kasoro inayodhuru. Ufa katika mtutu unaweza kumtoa mtu jicho au roho. Hapo hakuna mjadala, bunduki hairushwi hata risasi moja. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya asubuhi lilikuwa kuipeleka kwa mtu anayejua silaha, aukague mtutu na mitambo yake, maana kilichokwaruza mbao huenda kilikuwa pigo lililofika kwenye chuma. Alinihakikishia kuwa ni mzima. Ya pili ni kasoro inayoonekana tu, isiyopunguza kazi. Ya tatu ni kasoro iliyofichwa.

Hii ya tatu ndiyo iliyoniuma, na nadhani ilistahili kuniuma. Wazee wetu walitusimulia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta juu pakavu na ndani mna umajimaji. Hakumlaumu mwenye mali kwa mvua iliyonyesha. Alimlaumu kwa kuificha nafaka iliyolowa. Mkwaruzo ni ajali, na ajali haina dhambi. Dhambi imo katika rangi ya viatu.

Nikampigia simu muuzaji. Nilimweleza taratibu, bila kutukana. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba kijana wake aliikwaruza wakati wa kufungua sanduku, akaogopa kukatwa mshahara. Akasema, "Shikamoo tena mzee wangu, ukitaka nitakubadilishia." Hapo nikawa na hiari mkononi. Lakini bunduki nyingine ina namba nyingine, na namba nyingine ni hati nyingine. Ningeanza upya kwenda na kurudi ofisini, na mahindi yalikuwa yamekwisha kubeba. Majirani wawili niliopakana nao walitegemea mlio wa bunduki yangu pia.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimelinyamazia kwa zaidi ya miaka 30. Nikiwa mwalimu mkuu katika shule moja ya vijijini, tuliletewa madawati 40 kutoka kwa fundi wa jirani. Yalikuwa imara, lakini vibao vya juu vilikuwa na mikwaruzo, na vanishi ilikuwa imechuruzika. Katika chuo cha ualimu nilifunzwa kwamba mwalimu ni kioo cha jamii, na mimi nikalichukulia jambo hili kuwa la kioo. Niliyarudisha yote. Mvua za masika zikaanza, barabara ikakatika, na watoto wakakaa chini muhula mzima. Namkumbuka mtoto mmoja wa darasa la pili aliyekuwa akiandika amelala kifudifudi kwenye udongo. Mimi nilikuwa na meza na kiti. Ukamilifu nilioudai mimi, waliulipia wengine.

Kwa hiyo nilimwambia muuzaji kwamba bunduki nitaibakiza. Nilimwomba mambo mawili: kijana asikatwe mshahara, kwa kuwa hofu ya kukatwa ndiyo iliyomfundisha kuficha, na mnunuzi ajaye aonyeshwe kila doa kabla ya kutoa fedha. Msomaji anaweza kusema kwamba mnunuzi anayepokea kila kitu huwalea wauzaji wabaya. Ni kweli, na ndiyo maana sikunyamaza. Kuvumilia mkwaruzo ni jambo moja, na kuvumilia udanganyifu ni jambo jingine.

Ilibaki mbao yenyewe. Fundi seremala mmoja wa Lindi alisema angeweza kuipiga msasa na kuipaka rangi mpaka hata mimi nisipajue mahali palipokwaruzwa. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilitaka aisafishe rangi ya viatu na kuinywesha mbao mafuta, ili unyevu usiingie mahali palipochubuka, basi. Alinishangaa. "Mwalimu, utaacha aibu ionekane?" Nikamjibu kwamba mimi ni mzee, na ipo siku bunduki hii itapita kwa mtu mwingine kwa kufuata sheria. Nikiuficha mkwaruzo leo, nitakuwa nimempokea yule kijana kopo lake la rangi.

Mahindi ya mwaka ule tuliyavuna, sisi na majirani. Wageni wachache walioiona bunduki waliuliza habari ya mkwaruzo, nikawasimulia. Habari ya madawati sikumsimulia mtu. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza, maana nimechoka kuipaka rangi.