Meno Yaliyotangulia Dhambi

Mashariki ya uwanda wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, ardhi huporomoka hadi bonde la ufa la Ziwa Rukwa, na katika miamba ya bonde hilo, kuelekea Songwe, vilipatikana visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya mamba aliyelingana na paka wa nyumbani na aliyeishi takriban miaka milioni 105 iliyopita. Patrick O'Connor na wenzake walimtangaza mwaka 2010 kwa jina Pakasuchus kapilimai, wakimuenzi marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mamba wa leo ana meno yaliyochongoka yanayofanana karibu yote, lakini huyu alikuwa na chonge mbele na magego nyuma, ambayo kingo zake, za juu na za chini, zilikutana na kukata windo lake vipande. Papa wa kale, ambao meno yao yamefukuliwa Tendaguru mkoani Lindi, waliishi mapema zaidi, nao pia walikula viumbe wenzao.

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi tangu wamisionari wa Mababa Weupe walipoingia Karema mwaka 1885, na humo swali la meno hayo lina uzito wa pekee. Kitabu cha Mwanzo 1:30 kinawapa wanyama wote majani kuwa chakula, na Waraka wa Paulo kwa Warumi unasema kifo kiliingia ulimwenguni kwa dhambi ya mtu mmoja. Basi iweje kuua kuwepo mamilioni ya miaka kabla ya mtu huyo? Wapo wanaojibu kwamba adhabu ilitangulia kosa, hoja ambayo hakimu yeyote wa mahakama ya mwanzo angeitupa. Jibu la mwanateolojia Tomaso wa Akwino, lililoandikwa karne ya 13, lina nguvu zaidi: dhambi ya binadamu haikubadili maumbile ya wanyama, na simba na mwewe wangekula nyama hata kama Adamu asingeanguka, kwa hiyo kifo anachokitaja Paulo ni cha binadamu.

Hata hivyo, jibu hilo linamwondolea Adamu lawama na kuipeleka hoja kwa Muumba mwenyewe. Tomaso alilijua hilo, akasema kwamba wanyama wasipouawa simba hawezi kuishi, na mema mengi yangepotea duniani kama kila baya lingezuiwa. Hoja hiyo inatosha kwa yule anayeutazama uumbaji mzima kutoka juu. Lakini faida inayotajwa ni ya simba, na kiumbe mdogo aliyekatwa na magego yale ya Rukwa hakuwa na fungu lolote ndani yake.