WAZO LA LEO: Masikio kwanza, sare baadaye

Msimu wa mashindano ukikaribia, bendi nyingi hukimbilia sare mpya na nyimbo mpya. Wapigaji wa amadinda katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, wangeanzia kwingine.

Amadinda ni marimba ya Waganda yenye vibao 12 vinavyolazwa juu ya mashina ya migomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, na kila pigo la mmoja huingia katikati ya mapigo mawili ya mwenzake. Wa tatu hugusa vibao viwili vya mwisho tu. Wimbo haumo mkononi mwa yeyote kati yao. Hutokea mapigo yanapokutana. Anayeharakisha ili asikike yeye huuharibu wote.

Hata bendi za zumari za mfuko zinazoshindana Glasgow kila Agosti hupimwa hivyo: je, zimeanza pamoja, na mazumari yote yanatoa sauti moja?

Basi wewe unayefundisha tarumbeta shuleni hapa Kampala, au kwaya ya parokia, usianze na wimbo mgumu. Linganisha kwanza sauti za ala. Punguza mwendo hadi kila mmoja amsikie jirani yake. Anayekosa mazoezi mwonye mapema, si asubuhi ya mashindano. Aliye hodari kuliko wenzake mfundishe kungoja.

Sare nzuri hupendeza macho, lakini haijawahi kurekebisha sauti iliyopotoka.