Je, Kumfichua Mwizi wa Mali ya Serikali ni Uchongezi?

Karani wa Serikali akiona mali ya watu inaibwa ofisini mwake, afanye nini? Wakristo wengi wa Likasi, na Buluo pia, hujibu upesi: anyamaze, maana usengenyi ni dhambi, na siri ya kazi ni siri. Jibu hilo lina nusu ya kweli, ndiyo sababu ladanganya wengi.

Amri ya nane yakataza kumsingizia mtu; tena yakataza kutangaza makosa yake ya kweli pasipo sababu ya haki. Lakini mgonjwa akosaye dawa kwa kuwa zimeuzwa usiku, huyo si sababu ya haki? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipambanua jambo hili katika karne ya 13. Kosa la siri limdhurulo mkosaji peke yake, aonywe kwanza faraghani, kama Bwana alivyoagiza (Mt. 18). Bali kosa la siri liwadhurulo wengi, kama la mtu atakaye kuuza mji kwa adui, lipelekwe mara moja kwa mkubwa, isipokuwa pana tumaini thabiti kwamba onyo la faragha litalizuia.

Na kama mkubwa ndiye mwizi? David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliona hati za kampuni ya Goldenberg, iliyolipwa mamilioni kwa dhahabu na almasi za uwongo. Alizifikisha kwa wabunge, ambao kazi yao ni kuichunguza Serikali, zikafika Bungeni mwaka 1993. Alipeleka hati, si maneno ya kuambiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Alishtakiwa kutoa siri za Serikali; shtaka likafutwa, lakini kazi hakurudishiwa. Alikufa maskini mwaka 2006.

Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, wa ukaguzi wa bidhaa huko Goma, alikataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyooza, akauawa Julai 2007, mwenye miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Kukataa hutangulia kushtaki: aliyekwisha kupokea fungu lake atamshtaki nani?

Je, baba wa watoto sita alazimishwa kufa hivyo? La. Wajibu wa kukataa uovu haulegei kamwe, bali wajibu wa kuufichua hupimwa pamoja na hatari yake. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa habari mwaka 2010, Tanzania mwaka 2015. Pasipo ulinzi, barua isiyo na jina yaweza kuwa halali, ingawa kila ofisi yaijua kama silaha ya wivu. Basi mwandikaji ajiulize kwanza kama angeiandika hata kama cheo cha mshtakiwa kisingemwangukia yeye.