Mshono wa Upande wa Chini

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili: wa juu unaopita kwenye sindano na wa chini unaotoka kwenye bobini. Zinatakiwa zishikane katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu ukilegea, upande wa chini hujaa vitanzi vidogo, na ukivuta kimoja mshono unaachia. Ukikazwa mno, kitambaa hujikunja na uzi hukatika. Fundi huzungusha nati ya mkazo kidogo kidogo, hujaribu kwenye kipande cha kitambaa kile kile, kisha hugeuza na kutazama.

Sasa fikiria fundi wa Gisenyi, karibu na Grande Barrière, anamshonea kitenge mama aliyevuka kutoka Goma. Juu mshono umenyooka. Chini kuna vitanzi, na fundi anajua. Mama analipa, anavuka. Je, amedhulumiwa?

Rafiki yangu anayesoma biashara anasema hapana: bei ilikuwa ndogo, mteja amekagua, ameridhika. Sikubaliani naye. Huwezi kuridhia usichokijua. Fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyokuwapo tangu kuuzwa, lakini haki hiyo inahitaji miguu. Mama atapanga foleni tena mpakani, na vibali vyake mkononi, kwa ajili ya mshono? Mwaka 2020 mpaka huo ulipofungwa kwa sababu ya Korona, hata angetaka asingeweza. Kadiri mteja anavyoshindwa kurudi, ndivyo wajibu wa kusema unavyomwelemea fundi.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuficha unyevu chini ya lundo. Basi cherehani kuukuu si dhambi. Fundi aseme tu: "Mama, kwa ndani umelegea. Nikifumua utasubiri nusu saa." Huenda mama akauchukua hivyo hivyo, akapunguziwa bei, na biashara ikawa halali kabisa.

Anayenitatiza zaidi ni fundi asiyegeuza kitambaa kabisa, ili akiulizwa aape kwamba hakuona. Kiapo chake ni cha kweli. Lakini kwa nini hakugeuza?