Gharama ya Gari Kuukuu Hulipwa na Nani?

Yako maswali ambayo watu huyafanyia mzaha, kumbe ndani yake mna jambo la haki. Moja ni hili: je, yafaa mtu atumie fedha nyingi kulifufua gari la zamani, hata fedha hizo zikazidi bei ya gari lenyewe? Vijana hucheka na kusema ni wazimu. Wenye magari hujibu kwamba fedha ni zao. Sisi twaona majibu yote mawili yametolewa kwa haraka, na yafaa tulitazame jambo hili polepole, kama tulivyokuwa tukifanya hesabu ubaoni.

Kwanza tuseme ni gari la namna gani. Shirikisho la kimataifa la wenye magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, limetunzwa katika hali yake ya asili, wala halitumiki kwa safari za kila siku. Kwa umri peke yake, magari mengi yaliyolala chini ya miembe nyuma ya nyumba zetu yamekwisha kutimiza sharti hilo.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi walilipanda. Lilitoka Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya silinda nne ililazwa ubavu, na mti wa gia ulikuwa kwenye usukani. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva waliotoka Tanzania. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu kwa sababu ya mvua na matope. Basi mzee alipendaye gari hili hapendi bati tupu. Apenda kumbukumbu ya barabara za udongo na ya siku alizokuwa na nguvu. Jambo hilo si la kuchekwa.

Sasa tuone fedha zinakokwenda. Mtu huanza kwa kudhani kwamba injini ndiyo itakayomaliza mfuko wake. Mara nyingi sivyo. Injini ya zamani yafahamika: silinda zakerezwa, pistoni na ringi zabadilishwa, krenkshafti yasagwa, na fundi hodari aweza kutaja bei iliyo karibu na kweli. Bodi sivyo. Kutu hujificha chini ya rangi, ndani ya vizingiti vya milango, chini ya mazulia, na katika kila pembe iliyokusanya maji na matope. Rangi ikikwanguliwa, tundu lililoonekana kuwa la kidole huwa la sahani. Hapo bati lililooza hukatwa, jipya hukunjwa kwa mkono na kuchomelewa, hupigwa msasa, hupakwa puti, hupigwa msasa tena, ndipo ije rangi. Hayo yote ni masaa ya mikono. Ndiyo maana makadirio ya kwanza hayaaminiki, hata fundi akiwa mwaminifu, kwa sababu hakuna aonaye ndani ya bati kabla ya kulifungua. Kisha kuna mipira ya milango, vioo, nyaya na mapambo ya kromu. Visivyopatikana hapa huagizwa ng'ambo pamoja na nauli na ushuru, au hung'olewa katika gari lingine lililokufa.

Tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 2. Bodi na rangi milioni 9. Injini na gia milioni 5. Vipuri na ushuru milioni 4. Viti na nyaya milioni 2. Jumla ni milioni 22. Likikamilika, mnunuzi atatoa milioni 12. Mwenye gari amepungukiwa na milioni 10, na bado hajatia petroli.

Msomaji atasema, mbona yako magari ya kale yaliyouzwa kwa mali nyingi? Ni kweli. Mwezi wa Mei 2022, huko Stuttgart, Ujerumani, gari la Mercedes-Benz 300 SLR la mwaka 1955 liliuzwa kwa euro milioni 135, na fedha hizo zikatengwa kwa ajili ya ufadhili wa masomo ya vijana. Lakini magari ya umbo lile yalitengenezwa mawili tu, na Peugeot 404 yalitengenezwa zaidi ya milioni mbili. Alifufuaye 404 kwa kutumaini bahati ya Stuttgart amepanda mchicha akitazamia kuvuna karafuu.

Je, basi, hasara hiyo ni ubadhirifu? Hapa twatofautiana na wanaocheka. Mtu akiozesha binti yake, hakuna amwulizaye harusi ile itauzwa bei gani. Akijengea kaburi la mama yake, hatumwulizi faida. Yako mambo ambayo thamani yake haiko sokoni. Tena fedha anayolipwa fundi haiteketei. Humlisha fundi na watoto wake, na kijana anayejifunza kwake hupata ujuzi wa kukunja bati kwa nyundo, ujuzi ambao sasa wapungua kwa kuwa magari mengi hubadilishiwa kipande kizima. Kwa hiyo bei ya mwisho ya gari si kipimo cha kutosha. Twahitaji kipimo kingine, nacho twaona ni hiki: nani analipa gharama hii, na je, aliulizwa?

Tunamfahamu mwalimu mwenzetu aliyepata kiinua mgongo chake, akatoa zaidi ya nusu kwa ajili ya gari la ujana wake. Hakuiba, hakukopa, wala hakulewa. Lakini mkewe alikuwa akingojea bati za nyumba tangu siku za utumishi, naye hakuambiwa. Fedha zikaisha kabla ya rangi. Gari likabaki gereji juu ya mawe, bila vioo, na nyumba ikavuja masika mbili. Mama yule alipoulizwa habari za gari alijibu kwa upole kwamba gari limefunikwa turubali, ila wao bado.

Tulisikia wengine wakimtetea: alifanya kazi miaka 35, je, hana haki ya kujifurahisha? Tunajibu kwamba anayo. Hatutaki uzee uwe kifungo. Lakini kiinua mgongo hakikupatikana kwa jasho la mtu mmoja. Mwalimu alipohamishwa, mke alifunga mizigo. Mshahara ulipochelewa, mke aliuza vitumbua. Mwenye kushiriki kuchuma ana haki ya kushiriki kuamua. Kosa la mwenzetu halikuwa kulipenda gari. Kosa lilikuwa kumfanya mwingine alipe bila kumwuliza.

Kipimo hicho hicho chahusu gereji. Makadirio yakizidi, wenye magari wengine humbana fundi amalizie kwa bei ile ile ya kwanza, ati walipatana. Kama kutu ilijificha, ilijificha kwa wote wawili. Si haki fundi peke yake ailipie kwa siku za kazi zisizo na ujira. Naye fundi, akiona tundu jipya, yampasa amwite mwenye gari aje alione kwa macho yake kabla ya kuendelea, asilifunike kwa puti. Puti juu ya kutu ni uongo utakaojulikana baada ya mvua chache.

Yuko pia mlipaji wa tatu, naye ni mnunuzi wa kesho. Plutarch, mwandishi wa kale wa Wayunani, alisimulia habari ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hata watu wakabishana kama ni ile ile. Wenye majahazi wa pwani yetu walijua swali hilo bila ya kitabu. Gari nalo, likibadilishwa sakafu, milango, injini na viti, je, ni lile la mwaka 1967? Wenye hekima na wabishane. Kwa upande wa haki jibu ni rahisi: andika kila kilichobadilishwa, na mwonyeshe anayenunua. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kuuza kipya kwa jina la cha asili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya muuzaji hupotea pamoja nayo.

Mwisho tukumbuke kwamba kufufua si njia pekee. Hati ya Turin, ambayo FIVA huifuata, yahimiza kuhifadhi kilichopo kuliko kukifanya kipya. Mzee asiye na milioni 22 aweza kulitoa gari chini ya mwembe na kuliweka penye paa, akakausha sakafu, akasafisha matundu ya kutolea maji, akazuia kutu isiendelee, na kulifunika. Halitang'aa, lakini halitaoza, wala watoto hawatakosa ada. Gharama kubwa ya leo kwa sehemu kubwa ni deni la miaka ya kutotunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ajengaye ukuta si yule aliyeuacha ufa.

Basi, ndugu msomaji, kama unalo gari la namna hiyo na moyo wako wakusukuma, usiogope kicheko cha vijana. Chukua daftari. Andika bei uliyoambiwa, kisha uandike nyingine kubwa zaidi kwa ajili ya kutu usiyoiona. Andika pia mahitaji ya nyumba. Mfano wa mjenzi wa mnara, katika Injili ya Luka sura ya 14, twaujua sote: aliyetaka kujenga hana budi kuketi kwanza na kuhesabu. Nasi twaongeza neno moja tu: asiketi peke yake. Mwite mwenzio, soma hesabu kwa sauti, nawe uwe tayari kusikia akisema hapana.