LULU ZA UWONGO



Mwaka 1996 mjini New York vilinadiwa vitu vya marehemu Jacqueline Kennedy, aliyekuwa mke wa Rais wa Marekani. Miongoni mwake ulikuwamo mkufu wa lulu wa nyuzi tatu. Lulu hizo hazikutoka baharini. Zilikuwa za bandia, na wenye mnada walilisema hilo wazi. Walikisia zitapata dola 500 hadi 700. Zikanunuliwa kwa dola 211,500.

Nimelitaja jambo hili kwa kuwa aghlabu tunapowausia binti zetu juu ya mapambo ya chovyo na gilasi, husema neno moja tu: "Huo ni uwongo." Je, uwongo umo katika gilasi, au umo kwa aliyeivaa?

Wazungu nao zamani walikiona kito cha bandia kuwa ni cha asiye na uwezo, akivaa huku akiomba kisijulikane. Aliyeligeuza hasa jambo hilo ni Coco Chanel wa Paris, katika miaka ya 1920. Yeye alikuwa na vito vya kweli, akavivaa pamoja na vya bandia, makusudi, bila ya kuficha. Gilasi alitengenezewa na mafundi wa nyumba ya Gripoix, ambao huyeyusha gilasi ya rangi na kuimimina. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower alihudhuria dhifa ya kuapishwa mumewe amevaa lulu za bandia za Trifari, alizotengenezewa yeye khasa. Na mwaka 1955 mahakama ya New York ikahukumu kuwa pambo la namna hiyo ni kazi ya sanaa, haifai kunakiliwa na wengine. Ajabu iliyoje! Kitu cha kuiga kinalindwa kisiigwe. Na leo wapo wanaogonga majina ya watengenezaji hao wa zamani juu ya vipande vipya, wakawauzia wasiojua. Hiyo ndiyo ghushi, wala haihitaji mjadala.

Lakini mvaaji je? Bibi mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama ana makosa akimwonyesha mke mwenziwe kuwa mume kampa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kuwa mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni mfano wa aliyevaa nguo mbili za uwongo. Angalia vizuri: bibi yule hakuulizwa pambo lenyewe ni la madini gani. Kosa ni lile alilotaka mwenziwe aliamini. Basi hata dhahabu safi huweza kuwa ya uwongo, kama ile inayoazimwa kwa jirani usiku wa harusi, na watu wakaambiwa ni ya bibi harusi. Na mwanamume anayeleta chovyo katika mahari akaliita dhahabu, huyo amekula haki ya mtu.

Ninaposita mimi ni kwenye zile dola 211,500. Dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Siku ya shida humpelekea sonara akarudi na ada ya mtoto. Gilasi sonara haipimi.

Binti yangu anazo bangili za gilasi, nyekundu na kijani. Wenziwe wakimwuliza, huwatajia duka na bei, na bei yenyewe ni ya kuchekesha. Mama yake alitaka nimkataze. Sikumkataza.