Huruma ya Mshika Mpini

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kuwa hata kukirudia kitabu kimoja ni kuona mengi. Maneno huwa yale yale, ila msomaji huyarudia akiwa na umri mwingine na mambo mengine kifuani. Ndivyo ilivyonitokea kwa Portia, binti tajiri wa Belmont katika tamthilia ya Shakespeare iliyopigwa chapa mwaka 1600, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Ujanani nilimpenda Portia, na nani asingempenda? Antonio amekopa dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, na miezi mitatu imepita bila malipo. Mkopeshaji, Shylock, anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama mkataba ulivyosema. Wanaume wote mahakamani wameishiwa maneno. Ndipo anapoingia Portia katika joho la mwanasheria wa kiume, anaisifu huruma, kisha anakata mzizi wa fitina kwa hoja moja: nyama na ichukuliwe, lakini damu isimwagike hata tone. Katika zama ambazo mwanamke hakuwa na nafasi ya uwakili, ushindi huo ni mtamu.

Nilipoisoma upya uzeeni, jicho langu halikukoma kwenye hoja ya damu. Shylock amekwisha kushindwa. Yuko radhi apewe fedha alizokopesha tu. Portia anakataa. Anatoa sheria nyingine, ya mgeni anayetafuta kumwua raia: nusu ya mali yake iende kwa Antonio, nusu kwa serikali, na uhai wake uwe mikononi mwa Mtawala. Mtawala anamwachia roho yake. Kisha Antonio analeta sharti kwamba Myahudi huyo aiache dini ya baba zake awe Mkristo. Portia, aliyeisifu huruma kwa ufasaha kuliko wote, halipingi. Anamwuliza tu kama ameridhika. Mzee anasema ameridhika, anaomba aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri.

Sisemi kwamba Shylock alikuwa mwema. Alinoa kisu hadharani, akakataa kulipwa mara tatu ya deni, akakataa hata kumwita tabibu wa kuziba jeraha. Portia alimpa nafasi hizo zote kabla ya kumbana, na haki yake tumpe. Lakini Shylock naye alikuwa ametemewa mate na Antonio na kuitwa mbwa.

Huruma basi hupimwa lini? Wakati wa kumwomba aliyeshika mpini, kila mtu huwa mhubiri hodari. Mpini ukihamia mkononi mwetu ndipo tunapojulikana. Katika sehemu ya mwisho Portia anamsamehe mumewe aliyeitoa pete aliyoapa kutoiachia, tena kwa utani na vicheko. Kwa hiyo moyo wa kusamehe anao, ila mpaka wake ni mlango wa nyumbani kwake. Ndiye huyo huyo aliyefurahi mchumba kutoka Moroko alipochagua sanduku lisilo lake, akatamani wote wenye rangi kama yake wachague vivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Aliyepata kuketi katika vikao vya nidhamu chuoni anaujua mtihani huu. Ni rahisi kumsihi mkubwa wako awe mpole. Ni vigumu faili la mwanachuo aliyekutukana mbele za watu linapokuwa mezani pako, na sheria yote iko upande wako. Sheria haikulazimishi kumponda, wala haikukatazi. Hapo umebaki wewe na moyo wako.

Kwa Kiingereza jina la tamthilia hii linataja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu Nyerere aliandika mabepari, kwa wingi, na naona lawama haikuachiwa Shylock peke yake. Portia bado namheshimu. Akili na ujasiri wake sijavipunguzia alama hata moja. Ila siku hizi nikifika ukurasa ule, macho yangu hayamfuati yeye anaposhangiliwa. Yanamfuata yule mzee anayetoka mlangoni peke yake.